Nyuso Tatu za Mama Nabintu

Mwaka wa 1974 nilikuwa na miaka tisa. Baba alikufa kule Lemera mwanzoni mwa mvua, na shule yangu ikaishia hapo hapo, mwaka wa tatu wa primeri, nikiwa ninasoma kwa kunyooshea herufi kidole. Mama alinishusha kwa njia ya miguu mpaka bondeni, tukapanda lori la mihogo, tukaingia Uvira nikiwa na unga kwenye nywele zote. Alinipeleka mtaa wa Songo kwa Mzee Ramazani. Alimwambia: "Huyu hana kazi mlimani, mupatie kazi." Kisha akarudi zake. Sikulia. Nilikuwa na njaa, na mwenye njaa hana nafasi ya kulia.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mnaoshika koleo sasa pale Kiganjani, karakana yetu. Nimeacha kazi mwaka huu na sijazoea. Ninaandika nimesimama, karatasi iko juu ya ukingo wa dirisha, kwa sababu nikikaa miguu inacheza yenyewe na mke wangu anauliza kama nina malaria. Mambo ya nani alipandishwa na nani alipata kiasi gani hamtayakuta hapa. Hayo hayawezi kuwafundisha kumimina shaba.

Mzee Ramazani wakati ule hakuwa mzee, ila kila mtu alimuita hivyo. Babu zake walikuja na biashara ya ziwani zamani sana, wakabaki, wakazika watu wao hapa. Alitengeneza kufuli, taa, birika, sinia za shaba za harusi, na masufuria ya aluminiamu kwa wale wasiokuwa na haja ya sinia. Siku ya kwanza alinipa ndoo ya mchanga.

"Weye, kamata muchanga. Finya."

Nikafinya.

"Fungula mukono."

Ukabomoka. Akaniambia niongeze maji kidogo, nichanganye, nifinye tena. Ukanata vidoleni kama ugali. Akacheka, akaenda kuswali, akarudi, akanikuta bado ninafinya. Wiki nzima sikugusa kitu kingine. Nilifikiri ananidharau. Mpaka asubuhi moja nikafungua mkono, na donge la mchanga likabaki limesimama, na juu yake kuna mistari yote ya kiganja changu, mpaka ile midogo. Akaja, akaliangalia kwa muda, akasema, "Sasa kula." Huo ndio mchanga wa kalibu. Ukichukua mistari ya mkono, utachukua na uso wa mtu. Usipochukua, usiniambie habari ya kipimo cha maji. Finya tena.

Miaka ya katikati ninairuka. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na vita, kulikuwa na kukimbia kuvuka mpaka na kurudi. Kila tuliporudi tulikuta mtu amechukua mivukuto. Mivukuto ni kitu cha kwanza kuibiwa Uvira, sijui wezi wanapuliza nini. Nilifukia koleo na tupa ndani ya shimo chini ya kitanda, na ndiyo maana koleo lile la mshiko mrefu lenye kutu liko mpaka leo. Msilitupe. Linashika chungu cha kuyeyushia vizuri kuliko yale mapya yanayong'aa.

Kisha akaja Esperansi. Alikuwa amesoma sanaa Kinshasa, mtoto wa Uvira, mwembamba, mwenye kubeba nta ndani ya mfuko kama mwingine anavyobeba karanga. Alisimama mlangoni pa ateliye, karakana ya Ramazani, akatuangalia tunamimina masufuria.

"Papa, munaweza kunimiminia kitu kidogo?"

"Kidogo kama nini?" Ramazani akamuuliza.

Akaonyesha kiganja. "Kama hii. Pande mbili. Uso na mugongo. Ni medali."

"Ya askari?"

"Hapana, Papa. Ya kushika tu."

Ramazani akanitazama, nami nikamtazama. Tulifikiri masomo yamemchosha. Lakini alikuwa na uvumilivu wa mbu. Alirudi kila siku, akatueleza kwamba kuna wasanii duniani wanaotengeneza medali ambazo hazitundikwi kifuani. Unaichukua mkononi, unaigeuza, unasoma upande mmoja halafu mwingine, kama habari yenye sehemu mbili. Mtu akikaa nayo muda mrefu inapata joto lake. Jambo hilo la joto ndilo lililomshika Ramazani. Alikuwa fundi wa birika.

Hivyo ndivyo Kiganjani ilivyoanza, watu watatu na chungu kimoja. Watu walitucheka. Kila nilipopita sokoni na medali mfukoni, mama mmoja muuza ndakala, dagaa wa ziwani, aliniita:

"Papa Sadiki! Leta tuone. Sasa kamba yake iko wapi?"

"Haina kamba."

"Muntu ataivaa namna gani?"

"Haivaliwi. Inashikwa."

"Aaa, basi mumetengeneza sahani ya panya!"

Na wageni walipoanza kuja, wao walikuwa na lao: walitaka tumimine maganda ya risasi. Kila mgeni, risasi. Esperansi aliwajibu kwa Kifaransa kizuri sana ambacho mimi sikukielewa, ila niliona nyuso zao. Sisi tulimimina robine za maji za zamani, radieta, na kufuli.

Sasa niwaeleze desturi yetu, maana nasikia wengine mnaona ni mchezo. Ramazani hakutengeneza uso wa mtu. Dini yake, na ya baba yake. Alisema: "Uso ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Mugongo nitaweza." Kwa hiyo Esperansi alichonga nyuso kwa nta, na Ramazani alichonga migongo. Na kwa kuwa hakutaka hata kuona uso usije ukamvuta mkono, alifanya kazi yake bila kuuangalia. Alikwenda yeye mwenyewe kuulizia habari za mtu, akarudi na kitu: kiatu, mlango, nyavu. Nta mbili zilikutana kwangu tu, siku ya kuziunganisha. Desturi haikutoka kitabuni. Ilitoka kwa mzee aliyekataa. Lakini kazi zetu bora zote zimetokea hapo, kwa sababu mgongo uliotengenezwa na mtu asiyeona uso hauwezi kuujibu uso kwa maneno yaleyale.

Sheria ya pili ilikuwa yake pia: kipande kibaya kinarudi kwenye chungu mbele ya watu wote, mwenyewe akiwa anaangalia. Hakuna kuficha, hakuna kumpa mtu kwa bei ya huruma.

Nimetoka kidogo, nimekwenda mpaka kwenye maji nimerudi. Ziwa limepanda tena. Ninaendelea.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Mama Nabintu. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele kule Sange, mjane, mwenye depo kubwa, ghala lake, kando ya barabara. Ukiuliza Sange nzima, watakuambia jinsi alivyopima: anajaza kopo, analigonga mara mbili juu ya meza ili mchele ushuke, anajaza tena, ndipo anapitisha kiganja juu. Hakuna muuzaji anayegonga kopo. Muuzaji anataka mchele usimame umevimba. Yeye aligonga. Alipokuwa anakufa aliwaambia watoto wake watatu wasigawe depo. Wafanye pamoja, au waifunge.

Watoto hao walikuja kwetu siku moja, wote watatu. Byadunia, wa kwanza, mtu mzito wa kusema polepole, aliyevaa viatu vya ngozi hata kwenye tope. Mapendo, dada wa katikati, ndiye aliyekuwa anasimamia depo kila siku. Na Musafiri, wa mwisho, kijana wa pikipiki, mdomo hauna breki. Walimwaga mezani kufuli tatu kubwa za shaba njano za depo ya mama yao.

"Tunataka mama atoke ndani ya hizi," Byadunia alisema. "Medali tatu. Kila mutoto na yake. Siku ya kumaliza matanga tukae nazo mbele ya ukoo."

"Na musichanganye shaba ya muntu mwingine," Mapendo aliongeza. "Ni kufuli zake tu."

"Musiniletee robine ya hoteli kwenye shavu la mama," Musafiri akasema, "nitamutambua."

Esperansi alichonga uso kutoka kwenye picha mbili, kilemba kimefungwa upande, macho yanakuangalia kama yanakuuliza kilo ngapi. Ramazani alikwenda Sange, akakaa sokoni siku mbili, akarudi, akachonga. Mgongo wake ulikuwa kopo tu. Kopo la bati lililobonyea chini kwa kugongwa miaka, mchele umefika sawasawa na ukingo. Nilipounganisha pande mbili, nilikwenda nje kuvuta hewa. Tukatoa mfano wa plasta, kwa sababu kwenye mchanga wetu mfano wa plasta ndio unaokandamizwa, unatolewa, na shaba inachukua nafasi yake. Nikamimina ya kwanza. Ilitoka safi. Byadunia alikuwa mjini siku hiyo, akaichukua, akaifunga ndani ya leso, akaondoka nayo.

Wiki ile mto ukafurika. Ninyi mnaujua mto wetu, hauombi ruhusa. Songo iliingia maji na tope mpaka madirishani. Tulitoa chungu, tulitoa shaba, watu wa nyumba tuliwatoa kwanza kabisa, lakini fremu za mbao za kalibu zilikwenda ziwani, na mfano wa plasta nilioukuta kwenye tope ulikuwa umelainika. Niliuokota ukakatika mkononi kama muhogo uliolowekwa.

Tukahamia Kavimvira, chini ya paa la jamaa. Matanga yalikuwa yanakaribia na tulikuwa tumemimina uso mmoja tu. Nta ya Esperansi ilikuwa imeharibika siku ya kutoa plasta. Kuchonga upya? Uso wa pili hauwi ule wa kwanza, na watoto wangekuwa na mama wawili wasiofanana. Ikabaki njia moja: kuazima medali ya Byadunia na kuikandamiza kwenye mchanga kama mfano.

Byadunia aliileta, lakini akasimama mlangoni.

"Nitarudi nayo leo leo. Mama hatalala hapa, hapa panaingia maji."

Tulikuwa na fremu moja tu. Nikakandamiza mara moja, nikamimina moja, akaondoka na yake. Ikabaki ya tatu. Tukaitoa kwenye ile ya pili.

Esperansi alipinga. Alisema mbele yetu wote: "Papa, shaba ikipoa inasinyaa. Ya pili iko ndogo kidogo kuliko ya kwanza. Ya tatu itakuwa ndogo kuliko ya pili."

"Kwa kiasi gani?" Ramazani akauliza.

"Unene wa punje ya muchele."

"Punje moja, nani atapima?"

Mimi nilikuwa upande wa Mzee, na ingekuwa leo ningekuwa upande wake. Siku zilikuwa zimekwisha. Mwenye jicho la kuona punje moja kwenye uso wa mama yake ni nani? Tukamimina. Kumbe kuna watu wa namna hiyo: ni wale waliozaliwa ndani ya depo ya mchele.

Siku ya matanga tulialikwa Sange, mimi na Ramazani. Ukoo ulikuwa umejaa uani, sufuria za wali ziko motoni, wazee wa familia wamekaa mbele. Kila mtoto alitoa yake. Watu wakapitisha mkono kwa mkono, wengine wakalia, mama mmoja akaibusu. Basi Musafiri akazikusanya zote tatu, akaziweka mezani moja juu ya nyingine, kama mtu anavyopanga kopo. Akainama, akaangalia kwa upande. Akazigeuza. Akaangalia tena. Zilikuwa zimepandana kama masufuria ya harusi, kubwa chini, ndogo juu.

"Yaya," akamwambia kaka yake mkubwa. "Ya kwako ni kubwa."

"Sawa zote," Byadunia akajibu.

"Nimesema ya kwako ni kubwa. Ya Mapendo inafuata. Minye, mutoto wa mwisho, munanipatia mama wa mukia."

"Musafiri, kaa chini, watu wanakuangalia."

"Waangalie! Si ndiyo munataka? Hata kwa depo iko hivi hivi. Yaya anakula mbele, dada anakula kati, Musafiri analamba kijiko. Mumeenda mpaka Uvira kunitengenezea ushahidi wa shaba!"

Mapendo akasimama. "Hakuna aliyekupunja. Muulize fundi, yule pale."

Wote wakanigeukia. Nikasema kweli: shaba inasinyaa, ya pili ilitoka kwa ya kwanza, ya tatu ilitoka kwa ya pili. Nilifikiri ninaeleza kazi. Lakini kwa masikio ya Musafiri nilikuwa nimesema kwamba mama yake alifika kwake akiwa amekwisha kupungua mara mbili. Akachukua ile ndogo, akaitupa kwenye mchanga wa uani. Akasema kesho anakuja na lori kutoa magunia yake, na depo ikatwe vyumba vitatu, na matanga wamalize wao wawili. Pikipiki ikawaka. Mzee mmoja wa ukoo akasema matanga hayawezi kumalizwa mtoto mmoja akiwa barabarani, wageni wale wali, kisha warudi kwao. Mapendo akaiokota ile ndogo, na wali ukaliwa.

Mama yule alikuwa amesema wasigawe. Sasa walikuwa wanagawa, na kisu kilikuwa kimetoka kwenye moto wetu. Nilirudi na Ramazani kutoka Sange mpaka kwenye kizuizi cha kuingia mjini. Pale akasema, "Nimeuza punje." Basi.

Sikulala vizuri siku zile, na sikukaa. Nilikuwa ninatembea Kavimvira juu na chini kama mtu anayetafuta mbuzi. Njia ilikuwepo, na Esperansi ndiye aliyeisema: tuchukue medali ya Byadunia, ile ya kwanza, tuikandamize kwenye mchanga mara tatu, kwa fremu tatu tutakazotengeneza. Zitakazotoka zitalingana zote, kila moja na punje yake moja iliyopungua. Halafu zile za zamani ziyeyushwe. Zote. Na ile kubwa pia.

"Hapo ndipo kuna shida," nilisema. "Byadunia ataitoa?"

Tulimtuma Mapendo awaite. Sijui aliwaambia nini. Walifika asubuhi, kila mmoja kwa njia yake, Musafiri akabaki juu ya pikipiki nje ya kivuli. Esperansi akaeleza. Byadunia alisikiliza, leso iko mkononi.

"Kwa hiyo hii ya kwanza, ambayo ndiyo iliyotoka kwa uso wenyewe, inakufa."

"Inaingia ndani ya zile tatu," Esperansi akasema.

"Na kukiharibika?"

Hapo wote waliniangalia mimi. Niliwaambia bila kupaka mafuta: "Iko hivi. Shaba njano ikiyeyuka inatoa moshi mweupe, na moshi ule ni shaba inaondoka. Ya kufuli zenu imeyeyushwa mara moja. Mara hii itapungua tena. Kuna ya kujaza tatu, na mabaki kidogo ya njia za kumiminia. Ninataka kuongeza robine moja."

"Hapana," Mapendo akasema.

"Nusu robine."

"Papa Sadiki, hapana. Ni kufuli zake tu. Tulisema."

Musafiri akaita kutoka kule nje: "Robine haiingii!" Nikaona kitu cha ajabu, kwamba hilo lilikuwa jambo la kwanza wote watatu wamekubaliana tangu matanga.

Niliandaa mchanga mimi mwenyewe. Nilifinya donge, nikaangalia mistari, nikafinya lingine. Nilipaka medali ya Byadunia majivu laini, nikaikandamiza fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara niliinua fremu polepole na uso wa mama yule ukabaki kwenye mchanga, umezama, unatazama chini. Nikawaita waone. Musafiri aliteremka kwenye pikipiki. Aliinama juu ya fremu moja, halafu nyingine, akaweka kidole karibu bila kugusa, anapima.

Makaa yalikuwa mekundu. Nikaweka ndani ya chungu ile ndogo, iliyokuwa bado na alama ya mchanga wa uani. Nikaweka ya Mapendo. Nikaweka na vipande vya mabaki. Nikasimama na koleo, nikimngojea Byadunia. Hakusogea. Aliigeuza ile medali, akaangalia kopo, akageuza, akaangalia uso. Chungu kinanguruma. Shaba haingoji mtu amalize kufikiri. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyopungua.

"Papa Byadunia," nikasema, "inaondoka."

Alikuja mwenyewe mpaka motoni, na viatu vyake vile, akaidondosha ndani ya chungu. Ililala juu kidogo, uso juu, kisha ikashuka ukingo mmoja kwanza. Nikarusha juu yake vioo vilivyosagwa ili kuzuia moshi. Esperansi alivuta mivukuto mpaka jasho likamziba macho.

Sasa ninyi sikilizeni. Kumimina ni pumzi moja. Ukisita katikati, shaba inaweka kovu pale uliposita. Nilimimina ya kwanza, ikajaa, ikachungulia kwenye tundu la hewa. Ya pili, ikajaa. Nilipofika ya tatu nilijua kwa uzito wa koleo kabla macho hayajajua. Nilimimina mpaka tone la mwisho, nikakung'uta. Tundu la hewa halikuonyesha kitu.

Tulingoja zipoe. Nikavunja mchanga. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Mapendo aliziweka pamoja, zikalingana kama pande mbili za mdomo. Nikavunja ya tatu. Shaba haikufika juu. Kilemba hakikuwepo, na kuanzia pale kilipo kwenye zingine mpaka karibu na sikio ukingo ulikuwa umeliwa, kama mkate uliong'atwa. Upande wa pili kopo lilikuwa limekosa mdomo.

Sheria ni sheria. Nikasema, "Inarudi," nikanyoosha koleo.

Byadunia alikuwa amechuchumaa tayari. Akaitoa mchangani kwa ncha ya shati lake, bado ina moto, nikasikia kitambaa kinanuka.

"Acha, Papa Sadiki."

"Ni mbovu."

"Nimeiona."

"Watakubali sasa. Nitaongeza nusu robine tu, nitamimina upya, zitatoka..."

"Hii ni ya minye, ni yangu."

Musafiri akaja mbele na moja ya zile nzima mkononi. "Yaya, kamata hii. Minye ndiye wa mwisho. Nipe ile."

"Weye nenda ukapime yako," Byadunia akamwambia.

Mtu asiyewajua angedhani anamtukana. Musafiri alicheka kidogo, cheko likakatika njiani, akageuka akaenda kwenye pikipiki yake, akaanza kufungua plagi ambayo haikuwa na ubaya wowote. Mapendo akamfuata, akasimama pale nyuma yake.

Mimi bado nilikuwa na koleo hewani. Mzee Ramazani alikuwa amekaa juu ya ndoo. Katika miaka yote ya kuwa naye sikuwahi kumwona akiacha kipande kibovu kitoke mlangoni.

"Sadiki," akasema. "Weka koleo chini."

Nikaliweka.

Matanga waliyamaliza wiki iliyofuata. Depo haikukatwa vyumba. Nilipita Sange mwezi uliopita. Mapendo alikuwa anapima, Byadunia anaandika magunia, Musafiri anagombana na dereva. Niliingia kununua mchele, wakanipimia kama mteja mwingine yeyote, na kopo likagongwa mara mbili.

Ramazani alituacha miaka miwili baada ya matanga hayo, tukamzika mchana uleule. Hatukumtengenezea medali. Wengine wenu mmeniuliza kwa nini. Medali inataka uso, na yeye hakutaka. Mwisho wa maelezo. Kuhusu ile sheria ya kurudisha kipande kibovu, iacheni palepale ilipo. Kukiwa na sababu ya kuivunja mtaijua, na mwenye kuivunja si fundi, ni mwenye uso.

Niliacha kwa sababu ya kifua. Moshi mweupe ni mtamu mwanzoni, kisha unakaa. Fungeni vitambaa, msijifanye wanaume. Daktari aliniambia nipumzike, nikamuuliza kupumzika kunafanywaje, akadhani ninatania. Asubuhi ninaamka kabla ya watu wa nyumba, nazunguka nyumba, ninaangalia ziwa limefika wapi, ninafagia kilichofagiwa. Mkinikuta nimesimama nje ya ateliye, sikuja kuwapeleleza. Nilikuwa ninapita.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, Kavimvira, upande wa juu wa barabara. Mabati mapya mbele, ya zamani nyuma. Shamba la mihogo njia ya Sange, si kubwa. Mke mmoja, yule yule. Watoto sita walio hai, wote wanasoma bila kunyooshea kidole. Mbuzi wanne. Redio. Viti vitano, kimoja kimevunjika mguu, nitakitengeneza leo. Tupa tatu na mvukuto mmoja wa ngozi ambao hamtaupata mpaka nife. Kifua kibovu. Mikono mizima. Medali sina hata moja. Zote zina wenyewe.